Nipe Mji

Wapo wanaume wanaosema neno la mapenzi kama wanavyopigilia msumari: paa, mara moja, umeingia, wanashuka ngazi na kwenda zao. Bujiku alikuwa mmoja wao.

Nyamizi alilijua hilo vizuri kwa sababu msumari wenyewe ulipigiliwa kwake. Ilikuwa mwezi wa saba, mbele ya duka la Harish mjini Shinyanga, Bujiku ameshika kopo la rangi ya bluu mkononi. "Nyamizi," alimwambia, "nakupenda, na nataka nikuoe." Kisha akauliza kama dukani kuna mafuta ya taa ya kuoshea brashi.

Baada ya hapo wazee wa Bujiku walikuja kwa kina Nyamizi kutoka kijijini kwao Didia. Wakakaa, wakanywa togwa, wakasema walichotumwa. Mzee Boaz, baba yake Nyamizi, akawajibu kwamba nyumba imesikia na itatafakari. Wakashukuru, wakaondoka. Na Bujiku? Bujiku akanyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Alikuja dukani, alinunua penseli, alimtazama Nyamizi kwa macho yale yake yaliyojaa, akasema "haya," akaondoka. Macho yalikuwa yanasema kutwa nzima, ila mdomo ulikuwa umefunga biashara.

Sasa mwaka tisini na tisa ulikuwa unakatika. Mvua za kwanza zilikuwa zimegusa vumbi la mji, watu wa mashambani wananunua mbegu na majembe, na Bujiku alikuwa juu ya ngazi, anachora kibao kipya cha duka. Nyamizi alifanya kazi katika chumba cha pembeni, penye kompyuta, faksi na mashine ya fotokopi. Kutoka mezani kwake aliona miguu tu dirishani: ndala kuukuu, vifundo vyenye matone ya rangi nyeupe. Jumatatu hiyo alikuwa anapiga chapa kadi za mchango wa harusi ya watu wengine, na kila alipotupa jicho dirishani alikosea jina la bwana harusi.

"Nyamizi, acha hizo kadi," Harish alisema, ameingia anapangusa miwani kwa shati. Kila neno alilisema kama lina haraka ya kwenda benki. "Njoo unisaidie akili. Mama Karan, na wewe njoo. Fundi, wewe sikiliza hapo hapo ngazini, usidondoshe rangi kwenye mchele wangu."

Mama Karan, mkewe, alitoka nyuma akinukia haradali na uwatu. Jina lake hasa lilikuwa Khushbu, na achari yake ya embe ilikuwa inasifiwa kuanzia mjini mpaka Mwadui kwenye almasi.

"Kaushik amepiga simu," Harish alisema. "Mtoto wa kaka yangu, yule wa Leicester, Uingereza. Anataka kutuweka kwenye intaneti."

"Kutuweka wapi?"

"Kwenye kompyuta za dunia nzima. Mtu yuko Toronto, anabonyeza, anaona duka letu, anaona achari yako."

"Anaionja?"

"Anaiona."

"Achari ya kuonwa," Mama Karan alisema, akamgeukia Nyamizi. "Mwanangu, umesikia biashara hiyo?"

Harish hakumjali. Siku hizi kila mtoto anajua tovuti na blogu ni nini. Wakati ule maneno hayo hayakuwa yamefika Shinyanga, ikabidi ayaeleze kwa mikono.

"Kuna njia mbili, na Kaushik anasema nichague moja tu, hana muda wa kufanya zote. Ya kwanza anaita websaiti. Hii ni kama kibao. Inatengenezwa mara moja, imekamilika: jina la duka, picha, bidhaa, namba ya simu. Ikishawekwa imewekwa. Ya pili ni mpya, anaita sijui webulogi. Hii ni kama mtu aliyekaa barazani. Kila siku inasema neno jipya, la leo linakaa juu, la jana linasukumwa chini. Jumamosi atapiga nimpe jibu."

"Ya kwanza," ilisema sauti kutoka juu.

Wote waliinua nyuso dirishani. Bujiku hakuwa mtu wa kutoa maoni hata kuhusu chai.

"Fundi anapenda vitu vya kusema mara moja," Nyamizi alisema.

"Kitu kikishachorwa vizuri, unakirudia kwa nini?" Bujiku alijibu, brashi haikusimama. "Kile kibao cha duka la baiskeli, karibu na stesheni, nilikichora mwaka wa tisini na mbili. Kimepigwa jua, kimepigwa mvua. Umewahi kukiona kimebadilika?"

"Siku za mwanzo nilikuwa nakiona. Napita pale kila asubuhi. Siku hizi sikioni kabisa. Ukiniuliza kimeandikwa kwa rangi gani siwezi kukuambia."

Brashi ilisimama.

"Kipo," Bujiku alisema taratibu. "Hata kama hukioni, kipo."

"Nitajuaje kama kipo, na hakisemi?"

"Nyekundu," Harish aliingilia. "Kimeandikwa kwa rangi nyekundu." Mama Karan akamkanyaga mguu.

Nyamizi alihisi shingo yake inapata moto. Hakutaka kulia mbele ya magunia ya mchele, na hakutaka yule aliye ngazini ajue kwamba alikuwa karibu kulia, basi akafanya alichokuwa anafanya tangu utoto wake kila moyo ulipomjaa. Akatega kitendawili.

"Bwana Harish, mwambie Kaushik ajaribu ile ya pili kwa wiki hii moja tu. Tumpelekee kitendawili. Watu wote waliohama huku walilelewa na vitendawili, si ndiyo?"

Harish alivua miwani. Alikuwa amezaliwa Maganzo, katikati ya wachimbaji wadogo wa almasi, akacheza na watoto wao. "Asiyejua jibu anatoa mji," alisema, na uso wake ukalainika. "Mimi dada zangu walikuwa wananipa Tabora, nakataa. Wananipa Nzega, nakataa. Mpaka wanipe Mwanza ndipo nawaambia jibu. Dada zangu walinipa Mwanza mpaka ikaisha."

"Basi ngoja."

Nyamizi akaandika kwenye kompyuta, kisha akasoma kwa sauti, uso ameuelekeza dirishani:

"Ninaye mtoto. Jana nilimlisha akashiba, akacheka. Leo analia kana kwamba hajawahi kula. Ni nani? Usipojua, nipe mji."

"Tumbo," Harish alisema papo hapo.

"Si tumbo."

"Moto wa jiko," alisema Mama Karan.

"Si moto, ingawa umekaribia. Fundi anasemaje?"

Miguu ilibadilisha ngazi ya kukanyaga. "Nafikiri," ilijibu.

Faksi ikalia, ikameza karatasi, na kitendawili cha Nyamizi kikaenda zake Uingereza.

*

Alhamisi, baada ya chakula, Mzee Boaz, ambaye naye alikuwa ametegwa kile kitendawili na hajajibu, aliita jina la binti yake kwa ile sauti ya kiti cha uvivu. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Ibinzamata, ya bati, na uani mama yake, Mama Paskalia, alikuwa anaanika michembe, viazi vitamu vilivyokatwakatwa, kabla wingu halijabadili mawazo.

"Mwadila, baba," Nyamizi alimwamkia, akapiga goti kidogo.

"Mwadila, mayu. Kaa." Mzee alimwita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao wakiwapenda, au wakitaka kuwaambia neno zito. "Jumapili tuna wageni. Wazee wa Valerian, wa Segese."

Nyamizi alimjua Valerian. Alinunua dhahabu kwa wachimbaji, alikuwa na pikipiki, na kila alipofika mjini alipita kwa Mzee Boaz.

"Wanakuja kuposa?"

"Hawaji kununua michembe." Mzee alijikuna kidevu. "Yule wako wa Didia ana mkono mzuri, sikatai. Lakini ni mkwe gani huyo, hata habari za mvua haji kuniuliza? Wazee wake walikuja mara moja, basi. Kama wameweka mzigo stoo. Valerian anakuja. Tunaongea dhahabu, tunaongea ng'ombe, tunaongea mpira."

"Anaongea na wewe, baba. Mimi hajawahi kuniuliza hata kama nimekula."

"Na huyo mwingine amekuuliza?"

Hilo lilikuwa ndilo jipu lenyewe.

"Nikiwapa neno wale wa Segese, limetoka," baba yake alisema. "Kama yule wa Didia bado ana ulimi, autoe kabla ya Jumapili."

"Nikamwambie?"

"Usimwambie. Leo utamsukuma aseme. Kesho nani atamsukuma? Utakaa kwake miaka arobaini unasukuma?"

"Baba Nyamizi," mama alisema kutoka uani bila kugeuka, "hujamuuliza mtoto anamtaka nani."

"Namuuliza. Mayu, unamtaka nani?"

Nyamizi aliokota mchembe mmoja ulioanguka, akaupangusa, akaurudisha kwenye ungo. Kuna maswali ambayo binti aliyelelewa vizuri hamjibu baba yake ana kwa ana, na hilo lilikuwa la kwanza katika orodha.

"Amejibu," mama alisema. "Kama hujasikia shauri yako."

*

Jumamosi simu ya dukani ililia asubuhi, ule mlio mrefu wa simu ya ng'ambo. Harish aliirukia. Akaongea Kigujarati kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika Leicester bila msaada wa waya, na kadiri alivyosikiliza macho yakazidi kumtoka. Akaziba simu kwa kiganja.

"Oda," alinong'ona. "Mama Karan, oda. Watu wameandika kutoka dunia nzima. Mtu wa Toronto anataka mzigo upelekwe Maganzo."

"Maganzo?"

"Mwingine wa London anataka Tabora. Wa Nairobi anataka Mwadui. Mmoja yuko Dubai, huyo anataka Kolandoto na Kahama zote mbili. Kaushik anasema wengi hawakutaja bidhaa, wametaja mahali pa kupeleka tu. Nyamizi, tafuta maboksi. Mama Karan, achari ipo ya kutosha?"

Mama Karan alikuwa ameshainuka kwenda kuhesabu chupa. Nyamizi naye alikuwa ameinama chini ya meza kutafuta maboksi, hapo ndipo kitu kikamgonga kichwani, na si meza.

"Bwana Harish," alisema, ameketi sakafuni na boksi mapajani. "Mtu aliyeko Toronto apelekewe achari Maganzo ataila vipi?"

"Labda ana ndugu."

"Na wa Dubai ana ndugu Kolandoto na Kahama?"

Kwenye simu sauti ndogo ya Kaushik iliendelea kusoma: Nzega, Mwanza, Mwanza tena.

"Ni miji," Nyamizi alisema. "Wametupa miji, Bwana Harish. Wameshindwa kitendawili."

Kaushik aliondoka Shinyanga akiwa bado anabebwa. Hajawahi kutegwa, hajawahi kukataliwa Tabora na mtoto mwenzake. Yeye akiona jina la mji anaona anwani. Lakini Harish wa Maganzo, aliyewamaliza dada zake Mwanza yote? Alisimama na simu sikioni kama mtu aliyesalimiwa na mama yake mzazi sokoni asimtambue. Mama Karan alianza kucheka. Akacheka akashika mlango, akacheka akakosa nguvu, akakaa juu ya gunia la sukari na chupa za achari kifuani. Nyamizi akacheka naye pale sakafuni mpaka machozi yakamtoka.

"Ngoja, ngoja, kuna mmoja ameandika mengi," Harish alisema, naye ameshaanza kutikisika mabega. Akasikiliza, akageuza kwa Kiswahili neno kwa neno, na taratibu kicheko kikamtoka usoni. "Ni mama mmoja, Gulnaz, yuko Toronto. Anasema: 'Tangu nihame sijategwa kitendawili. Huku hakuna anayeniomba mji. Nakupa Maganzo yote, pamoja na nyumba yetu ya bati jekundu na kisima chake, na mbuzi wa jirani ambaye alikuwa anakula kanga zetu. Jibu silijui. Leo nimefungua kompyuta ya mwanangu tangu asubuhi kuona kama mmeandika kingine. Kesho mtatega?'"

Bati jekundu la Maganzo lilikuwa pale dukani, na mbuzi.

"Kesho mtatega," Harish alirudia polepole. "Hakuna mtu anayekiuliza kibao hivyo." Akaondoa kiganja kwenye simu, akasema maneno machache ya Kigujarati, akaiweka chini. "Nimechagua. Ile ya kila siku. Nyamizi, kila Jumamosi utaandika vya wiki nzima kwenye karatasi moja, faksi iende mara moja, Kaushik atakuwa anatoa kimoja kimoja. Na achari tutaitaja chini, kidogo."

"Kubwa," alisema Mama Karan.

Nje, ngazi ililia. Bujiku alikuwa anashuka. Alikuwa amesikia yote. Mtu aliye dirishani husikia hata asichoitwa kusikia. Nyamizi alitoka barazani haraka, kicheko bado kimemng'ang'ania mashavuni, akamkuta anafunika makopo.

"Umemaliza?"

"Bado."

Nyamizi alitazama juu. Kibao kilisomeka HARI, nafasi ya herufi zilizobaki ilikuwa nyeupe tupu. Katika miaka yote hakuwahi kumwona Bujiku akiacha herufi njiani.

"Unakwenda wapi?"

Alimtazama. Yale macho. Akafungua mdomo, na Nyamizi akashika nguzo ya baraza, kwa sababu kesho ilikuwa Jumapili na hakuruhusiwa kusema.

"Una kanga ya njano," Bujiku alisema.

Akapanda baiskeli, akaondoka.

Harish alitoka akatazama kibao, akashika kichwa. "Ameniachia Hari. Watu watasema duka la Hari."

"Hari kwetu ni jina la Mungu," mkewe alimjibu kutoka ndani. "Liache likae. Labda litamrudisha fundi."

*

Mchana huo Nyamizi alichambua mchele nyumbani, akatoa mchele akaacha mawe. Mama yake akamnyang'anya ungo.

"Kanga ya njano," Nyamizi alisema. "Mama, mtu anaondoka kwako, pengine ndiyo mwisho, anakuambia una kanga ya njano."

"Lakini unayo."

Baba yake alikuwa kibarazani amefungua redio tumbo wazi, anaikaza kwa bisibisi. Aliyeiona baiskeli kwanza alikuwa yeye.

"Huyu mtu amebeba mlango?" alisema.

Bujiku alikuja akiisukuma, maana kitu kilichofungwa nyuma kilikuwa kipana mno asiweze kupanda. Kilikuwa kimefunikwa gunia. Alifika, akaegemeza baiskeli kwenye mpapai, akapangusa mikono kwenye suruali, ikazidi kuchafuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda."

Alikaa. Mzee Boaz aligeuza bisibisi, akaigeuza tena, wala hakumsaidia hata kwa kikohozi. Nyamizi alisimama mlangoni, mkono kifuani juu ya kanga yake ya njano.

"Mvua naona zimeanza vizuri, mzee," Bujiku alisema.

Bisibisi ilisimama. "Zimeanza," Mzee Boaz alisema. "Huko Didia?"

"Didia zimenyesha mara moja. Baba anapanda mtama wiki hii. Ng'ombe hawajambo. Mzee, nimekuja kusema kwamba nampenda Nyamizi na nataka kumuoa."

"Ulishasema. Wazee wako walikuja."

"Nimekuja kurudia."

"Na kesho?"

"Kesho nitakuja kurudia."

"Kesho kutwa?"

"Kesho kutwa nina kazi Maganzo. Nitapita jioni, nikitoka."

Mama Paskalia alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Bujiku aliinuka, akafungua kamba, akatoa gunia, akauegemeza mzigo wake kwenye ukuta. Ulikuwa ubao mpana. Juu, kwa rangi ya mafuta, nyekundu yenye kivuli cha dhahabu, yale maandishi yake ambayo watu walikuwa wanasimama barabarani kuyatazama, paliandikwa NYAMIZI. Chini ya jina palipakwa rangi nyeusi ya ubao wa shule, na pembeni ilining'inia chaki kwenye uzi.

"Jina nimelichora mara moja," alisema, sasa anamtazama Nyamizi mwenyewe. "Hilo halitabadilika, jua wala mvua. Niliamini linatosha. Kumbe mtu akipita kila siku halioni tena. Huku chini nitakuwa naandika. Kila siku. Nimeanza leo."

Mzee Boaz alisogea na miwani yake iliyofungwa kwa waya. Akasoma kwa sauti, kidole kinafuata, kama anavyosoma zaburi:

"'Leo Nyamizi amevaa kanga ya njano. Amecheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kushuka ngazi mapema zaidi.'"

Nyamizi aliuficha uso kwenye fremu ya mlango. Bega lake moja likaonekana linacheka, jingine linalia.

"Mvua ikinyesha?" mzee aliuliza. "Chaki itafutika."

"Nitaandika upya, mzee."

"Ikinyesha wiki nzima?"

"Nitaandika wiki nzima."

Mzee Boaz alirudi kwenye kiti chake, akakaa taratibu. Bujiku akabaki amesimama katikati ya ua, kama mtu aliyelipa nauli na hajui ashukie wapi.

"Na kile kitendawili," alisema. "Nimekifikiria tangu Jumatatu. Si tumbo. Si moto. Nikadhani ni taa, lakini taa haicheki. Nimeshindwa, Nyamizi."

Sauti ya Nyamizi ilitoka mlangoni, ndogo lakini imesimama. "Basi nipe mji."

"Nakupa Maganzo."

"Maganzo nimeshapewa na mtu wa Toronto. Sitaki."

"Nakupa Mwanza, pamoja na ziwa."

"Maji mengi. Sitaki."

Bujiku akakuna kichwa, akatafuta mji wenye thamani. Maskini wa Mungu, hakujua lolote kuhusu wageni wa kesho. "Nakupa Segese," alisema. "Kuna dhahabu."

Kibarazani, Mzee Boaz aliinua kichwa. Mama akaacha kupepeta. Nyamizi alitoka mlangoni, akashuka ngazi ya saruji, akasimama uani mchana kweupe ambapo baba yake angemwona vizuri.

"Segese sitaki," alisema. Akamgeukia mzee, akapiga goti. "Baba, umesikia? Nimepewa Segese na dhahabu yake, nimeikataa."

"Nimesikia, mayu," Mzee Boaz alisema. "Hata jirani amesikia." Akakohoa. "Kijana, endelea. Binti yangu hajaridhika na mji."

Bujiku alimtazama Nyamizi, na safari hii mdomo na macho vilisema kitu kimoja.

"Sina kingine, Nyamizi. Nakupa Didia. Hakuna dhahabu wala ziwa. Kuna nyumba ya baba, shamba la mtama, ng'ombe, na vumbi. Na mimi."

Nyamizi alimtazama baba yake. Mzee Boaz alikuwa ameichukua tena redio, anaitazama ndani kana kwamba ruhusa imeangukia kwenye nyaya.

"Unapewa mji," alisema bila kuinua macho. "Hupokei?"

Basi Nyamizi akaupokea, kama mila ya kitendawili inavyotaka, anayepewa mji aende, aeleze alivyopokewa, ndipo afumbue.

"Nimekwenda Didia," alisema. "Nimefika mchana, nimebisha hodi, wamenikaribisha. Nimepewa kigoda nimekaa. Nimepewa matobolwa ya viazi nimekula, maziwa mgando nimekunywa. Mama mwenye nyumba ameniuliza, binti, umefuata nini? Nimemwambia, ninaye mtoto, jana mwanao alimlisha akashiba, leo analia tena, na kesho atalia. Mtoto huyo hakui, mama, hata nikiota mvi ataomba kila asubuhi kama mgeni. Mtoto mwenyewe ni moyo wangu."

Bujiku alikaa kwenye kigoda.

"Moyo," alisema. "Kumbe ulikuwa unaniambia tangu Jumatatu."

"Tangu mwezi wa saba."

Mzee Boaz alifunika redio yake, akaijaribu. Ikakoroma, kisha ikatoa muziki, na yeye akainuka kutafuta viatu vyake chini ya kiti.

"Unakwenda wapi, Baba Nyamizi?" mkewe alimuuliza.

"Stendi. Nimwahi dereva wa basi la Kahama awafikishie watu wa Segese salamu zangu, wasije kuchoka bure. Na huyu kijana apewe chakula, amekonda kwa kufikiri." Akavaa kiatu kimoja, akasimama na kingine mkononi, akautazama ubao, akamtazama binti yake, akatikisa kichwa.

"Na mimi muda wote huo," alisema, "nilijua ni tumbo."